Siku Nembris Aliporuka Fimbo

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kama ninavyoikumbuka siku niliyokuzaa. Nilivua kandambili zangu mbele ya kamati nzima ya shule, nikazishika mkononi, nikaukata uwanja katikati kwa miguu mitupu hadi meza kuu. Sikuzivua nimpige mtu. Baadaye wapo waliosema hivyo, na wengine wakaongeza kwamba nilimlenga mwalimu. Uongo. Nilizivua kwa sababu kandambili huteleza kwenye nyasi, na mimi nilikuwa na haraka.

Mwalimu wenu wa michezo alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Alikuwa ametoka kusoma timu ya kuruka juu itakayokwenda kwenye mashindano ya wilaya wiki inayofuata: wavulana wawili. Wasichana, hakuna. Kisha akaongeza, kwa sauti laini ya mtu anayegawa pipi, "Nembris na wasichana wenzake watabaki kubeba ndoo na kumsaidia mama mpishi, wageni wetu wapate maji na chakula."

Ndoo! Mtoto ametoka kuwashinda watoto wote wa shule ile, wa kike na wa kiume, jasho halijamkauka, anapewa ndoo.

"Mama Nembris, tulia kidogo," mwalimu akasema aliponiona nimefika mezani.

"Nimetulia miaka yote, mwalimu. Tangu nimzae huyu nimetulia. Leo utulivu umeisha, hata wa kukuazima sina."

Najua, mwanangu, nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi, sina mkongojo, na meno yangu yote yapo. Nilimaliza kidato cha nne kule mjini, nikaolewa huku kwa Waarusha, nikakupata wewe, na sasa nauza viatu vya michezo vya mitumba sokoni Ngaramtoni. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na mvua hii mimi imeninyea mara mbili. Kwa hiyo kaa hapa, na wenzako waite, niwaambie kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitakuwa na adabu, na adabu itanisahaulisha nusu ya maneno.

Kwanza nikwambie dunia nimeijulia wapi, maana mimi sijapanda ndege. Nimefika Moshi, nimefika Babati, basi. Dunia nimeijulia kwenye belo la mitumba. Nilipokuwa sekondari niliishi na bibi yangu mzaa mama, Mmeru wa kutoka kule juu ya Makumira, aliyekuwa na meza ya viatu vya mitumba Daraja Mbili. Ukikata kamba za belo la viatu vya michezo, mwanangu, mataifa yote yanakumwagikia miguuni. Njumu za mpira wa miguu, hizo hata mbuzi wanazijua. Viatu vya wakimbiaji, vyepesi kama karatasi, vina misumari kwenye nyayo. Vya mpira wa kikapu vinapanda hadi vinafunika kifundo cha mguu. Vya mbio za baiskeli vina kipande cha chuma chini, ukitembea navyo vinagonga kama kwato za mbuzi juu ya bati. Vya raga vinafanana na njumu, ila raga yenyewe ni vurugu: mpira wake umechongoka kama yai, na ukitaka kumrushia mwenzako lazima umrushie aliye nyuma yako.

"Nyuma?" bibi aliuliza nilipomweleza. "Sasa watafika lini?"

Siku moja belo lilitoa viatu vyeusi vyenye kisu kirefu chini, kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Bibi alivigeuza, akavinusa, akasema hivi ni vya mtu wa bucha. Alivitangaza hivyo siku nzima, na muuza nyama mmoja akaja kweli kuvijaribu, nusura avunjike kiuno mbele ya wateja wake. Jumatatu nilimuuliza mwalimu wa jiografia. Akaniambia kuna nchi ambazo ziwa zima huganda likawa barafu, watu wanavaa visu vile wanateleza juu yake, tena wanapiga kwa magongo kitu kidogo cha duara kama kifuniko cha kopo. Nilipomletea bibi habari hiyo akasema, "Watu wanacheza juu ya maji, na sisi huku tunagombania zamu ya mfereji." Basi akacheka mpaka akashika meza.

Kuna neno moja la bibi nalitumia hadi leo kwenye biashara yangu. Akija msichana akasitasita mbele ya njumu, au kijana akaona haya kuchukua raba nyeupe za tenisi, bibi alikuwa anasema: "Kiatu hakiulizi mguu ni wa nani, kinauliza kama unaingia." Weka neno hilo mfukoni, tutalihitaji mbele.

Sasa, mwanangu, mwaka huu shule yenu iliamua kufanya wiki ya michezo ya dunia. Hapo niwape haki yao, lilikuwa jambo zuri, na mimi ndiye niliyechangia viatu. Kila darasa lilipewa mchezo wa nchi ya mbali wauoneshe mbele ya wazazi. Darasa la nne walileta sumo ya Japani, vitoto vimejazwa masweta tumboni, vinasukumana ndani ya duara la majivu. Ukitoka nje ya duara umeshindwa, ukigusa chini kwa goti umeshindwa. Darasa la tano walileta kabadi ya India, ambapo mmoja anavamia upande wa adui, anawagusa na kukimbia kurudi kwao huku akitamka "kabadi, kabadi, kabadi" bila kuvuta pumzi. Mtoto wa Mama Zai, jirani yangu anayeuza vitumbua pale mlangoni pa soko, alitamka mpaka macho yakamtoka. Mama yake akapiga kelele kutoka walipokaa wazazi, "Vuta pumzi wewe, mchezo gani huo wa kufa!"

Mwalimu wa michezo alionesha na picha. Akaonesha watu wa Asia ya Kati waliopanda farasi wakinyang'anyana mzoga wa mbuzi. Hapo wazee wa kwetu waliamka wote waliokuwa wanasinzia.

"Huyo mbuzi analiwa na nani?" aliuliza Mzee Lomayani, mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Si wa kula, mzee. Ni wa kufungia goli."

"Basi huo si mchezo. Huo ni msiba."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, maana Mzee Lomayani ni mtu wa kuchekesha na hana roho mbaya. Sitaki umchukie, mwanangu. Utasikia aliyoyafanya, lakini usimchukie.

Kisha ikaja picha ya Uholanzi, kijana ameparamia mti mrefu uliosimamishwa katikati ya mfereji mpana, anataka kuangukia ng'ambo ya pili bila kulowa. Ulinigeukia na macho yakiwaka. "Mama, si ndiyo mimi hiyo!" Na kweli ndiyo wewe. Mfereji unaotoka mlimani ukapita nyuma ya migomba yetu, wewe hujawahi kuuvuka kwa daraja tangu ulipoweza kukimbia. Unakwenda kukata majani ya ng'ombe, unauruka. Unarudi na mzigo kichwani, unautupa mzigo ng'ambo, unauruka tena. Nimekugombeza, nimechoka. Sikujua kwamba nilikuwa namgombeza mwanamichezo mazoezini.

Siku ya mwisho ya wiki ile haikuwa ya maonesho. Ilikuwa ya kuchagua timu ya wilaya, na mchezo wa mwisho kabisa ulikuwa kuruka juu. Nguzo mbili zilizochomekwa misumari, ufito juu yake, na nyuma yake magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba ya kuangukia. Wavulana wa darasa la saba walianza. Wa tatu akaukalia ufito, ukavunjika vipande viwili.

Mwalimu akahangaika. Akatafuta mti, hakuna ulionyooka. Ndipo Mzee Lomayani akainuka kitini kwa ukarimu wake, akamkabidhi fimbo yake mwenyewe, ile nyeusi ya mpingo, ndefu, imenyooka kama mstari wa rula. "Tumia hii," akasema. "Hii haivunjiki. Ilikuwa ya baba yangu." Ikabidi nguzo zisogezwe karibu ili fimbo ifike. Wazazi wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri mbele. Mimi niliyeolewa huku sikufikiri, na mwalimu aliyezaliwa huku hakufikiri. Wavulana wakaruka. Wengine wakaigusa, wawili wakaipita. Mzee akatabasamu akitikisa kichwa kama anayeangalia morani wa zamani wakiruka kwenye ngoma.

Kisha ukaitwa wewe.

Nataka nikuambie ulivyoonekana, maana wewe mwenyewe hukujiona. Ulikuwa na sketi ya shule iliyofungwa fundo pembeni na kaptula ndani. Miguuni ulikuwa na vile viatu vyekundu nilivyokuchagulia kwenye belo, kimoja kina kiraka. Hukukimbia moja kwa moja kama wavulana. Ulikuja kwa kuzunguka, kama unavyouendea mfereji pale kwenye kona. Uliinuka, ukageuza mgongo, na nikaona uso wako unaangalia juu, unaangalia mlima, sijui unaangalia nini. Fimbo haikutikisika. Wakaipandisha. Wavulana wakaiangusha, wewe ukaipita. Wakaipandisha tena mpaka kifuani kwa mwalimu, na yule mwalimu ni mrefu. Ukaipita.

Mwanangu, mimi nililia. Niliwasukuma watu wawili nisiowajua nikawaambia, "Ni wangu huyo! Ni wangu!" Mama Zai alipiga vigelegele mpaka vitumbua vikamwagika.

Makelele yalipotulia, Mzee Lomayani alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa na kicheko.

"Mtoto wa kike ameruka fimbo yangu," akasema.

Hapo ndipo wote tulipokumbuka. Huku, mwanamke haivuki fimbo ya mzee. Ukiikuta njiani unaizunguka. Ni desturi, naiheshimu, na nyumbani kwa baba mkwe sijawahi kuivuka.

Mwalimu akaanza kubabaika. "Mzee, ni mchezo tu, tulihitaji ufito…"

"Najua ni mchezo. Waliruka wavulana, ikawa mchezo. Akiruka msichana, fimbo ya baba yangu imevukwa. Mruko huo usihesabiwe. Na watu wa nyumbani kwa mtoto waje na kondoo jike, tuisafishe fimbo. Na kuruka huku, wasichana waache. Kuruka ni kwa morani."

Wakainamiana pale mezani, wakanong'ona. Mwalimu Mkuu alikuwa anaangalia saa yake. Mwalimu wa michezo akafuta kitu, akachukua kipaza sauti, akasoma yale niliyokuambia mwanzo. Ndipo nikavua kandambili.

Sasa sikia nilivyosema, maana watu wamekuwa wakinisimulia vibaya. Mzee nilianza kwa kumsalimia. Hasira haifuti shikamoo.

"Shikamoo, Mzee Lomayani."

"Marahaba, mama."

"Viatu ulivyovaa umenunua wapi?"

Akaangalia miguu yake. "Kwako. Vizuri sana. Havitelezi kwenye matope."

"Ni viatu vya nini?"

"Vya kupandia mlima."

"Ni vya gofu, mzee. Ni mchezo wa wazungu wa Uskoti, wa kupiga kimpira kwa fimbo hadi kiingie shimoni. Wewe si Mskoti. Gofu hujacheza. Kuna Mskoti aliyekuja kukudai kondoo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee mwenyewe akaguna, mdomo ukataka kucheka, akauzuia. Ningeishia hapo, mwanangu, ningekuwa malkia. Sikuishia. Nilimgeukia mwalimu nikamwambia ni mwoga. Nilimgeukia Mwalimu Mkuu nikamwambia saa yake imesimama na shule yake pia. Niliwaambia kamati kwamba wanajua kula pilau ya wageni kuliko kulea watoto. Nilisema mengine siyarudii. Na kadiri nilivyosema, kicheko kiligeuka. Mwanzo walimcheka mzee, mwisho wakanicheka mimi.

"Kondoo jike, mama," Mzee Lomayani akasema kwa upole nilipoishiwa pumzi. "Halafu tutazungumza." Akaichukua fimbo yake, akaenda zake na viatu vyake vya gofu.

Njiani Mama Zai alikuwa anaruka ruka kwa furaha. "Umewapa, shoga! Leo umewapa kweli kweli!"

"Nimewapa nini?"

"Maneno! Si ulisikia walivyocheka?"

"Na wao wamenipa nini?"

Tukatembea. Na wewe ulikuwa nyuma yetu, viatu vyekundu umevishika mkononi, na ulichosema ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Ulisema, "Mama, niache tu. Nitabeba ndoo. Sitaki wakucheke."

Usiseme tena neno hilo. Ndiyo sababu ya nasaha hii yote.

Maana uliposema hivyo nilimsikia bibi. Nilikuwa kidato cha tatu, mlinda goli wa timu ya netiboli ya shule, na tulikuwa tumeshinda tukapata nafasi ya kwenda mashindano Moshi. Asubuhi ya safari tukakuta basi limejaa wavulana wa mpira wa miguu, pamoja na rafiki zao wa kuwashangilia. Tukaambiwa wasichana mtaenda mwaka mwingine. Nilitoka pale nikaenda Daraja Mbili kwa miguu nikitukana njia nzima, nikafika mezani kwa bibi nikamwaga yote. Nilipiga kelele mpaka wateja wakajaa kusikiliza.

Bibi alikuwa anashona soli. Hakuinua kichwa. Akasubiri nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Aliyekunyang'anya kiti chako kwenye basi amekusikia?"

"Hayupo hapa, bibi."

"Basi umevipigia kelele viatu." Akakata uzi kwa meno. "Mjukuu wangu, hasira ni moto, sikukatazi kuwa nayo. Lakini moto wa porini unachoma na kwenda, na wa jikoni unapika. Jambo la kweli usilimwage sokoni, sokoni kila kitu kina bei na kesho kimechakaa. Lipeleke penye kiti na mtu wa kukijibia, ukalikalishe. Likishakaa, kulinyanyua ni kazi yao."

Alifunga meza yake. Bibi yangu, ambaye hakufunga meza hata siku ya mvua ya mawe, alifunga meza, tukaenda pamoja hadi ofisi ya mkuu wa shule. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa na kusema hataondoka mpaka aeleweke. Basi lilikuwa bado halijaondoka; washangiliaji wakashushwa. Sisi tukapanda.

Tulifungwa, mwanangu. Sitakudanganya, tulifungwa vibaya sana, na goli nilikuwa nalinda mimi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini tulifungwa tukiwa uwanjani, siyo tukiwa jikoni. Tofauti hiyo nimekula nayo hadi leo.

Basi usiku wa siku ile ya fimbo sikulala na hasira, nililala na kalamu. Asubuhi ilikuwa siku ya soko, nikafungua meza yangu kama kawaida, barua iko chini ya kitambaa nikiisoma kila mteja akiondoka. Kabla ya adhuhuri akaja mama mmoja wa makamo, shanga za harusi masikioni, shuka safi ya bluu. Nilimtambua: mke wa Mzee Lomayani. Nikajua amefuata kondoo.

"Shikamoo, Yeyo," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa.

"Marahaba, mwanangu." Akachagua chagua viatu. Akashika kimoja cha misumari, kidogo. "Hivi vinafaa kuruka?"

"Vinafaa, Yeyo. Ni vya nani?"

"Vya mjukuu wangu. Wa kike. Naye anaruka mfereji kama wa kwako, nyumbani tunamficha babu yake asijue." Akakaa kwenye kiroba changu cha raba, akashusha sauti. "Ile fimbo. Unajua mzee akila mchana analala?"

"Sijui, Yeyo."

"Analala. Na akilala, fimbo anaiacha imelala mlangoni, upana wote wa mlango. Na mimi ng'ombe wana kiu, ndama analia, mkononi nina maziwa. Nipite wapi? Nimeivuka ile fimbo tangu nilipoolewa, kila siku ya Mungu. Watoto nimemzalia saba, ng'ombe wameongezeka, na yeye mwenyewe umemwona ana afya kama beberu."

Nilicheka nikajiziba mdomo kwa kiatu. Yeye hakucheka. Aliangalia ile barua iliyokuwa imetokeza pembeni.

"Hiyo unaipeleka?"

"Naipeleka."

"Kuna mahali pa shahidi?"

"Yeyo, mzee atakasirika."

"Atakasirika. Halafu atakula, atalala, na fimbo itakuwa mlangoni. Niandike."

Tulifunga meza, kama bibi alivyofunga yake, tukaenda wote wawili ofisi ya Afisa Elimu wa Kata. Karani aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja midomo. "Mama, mambo haya si mngeyamalizia nyumbani tu?"

"Nyumbani hakuna muhuri," nikamwambia.

Akapiga muhuri. Nakala yangu ninayo hapa, na wino wake haujafifia. Mashindano hayajafika, na sijui watajibu nini. Ninachojua ni kwamba jambo lako sasa limekaa kitini, na mtu lazima alinyanyue.

Kwa hiyo, mwanangu, na ninyi wenzake mnaosikiliza: chukueni haya. Michezo ya dunia ni mingi kuliko viatu vya belo, na kila mmoja umeanza na watu waliocheza na walichokuwa nacho. Wenye barafu walichezea barafu, wenye farasi wakachezea farasi, wenye mifereji wakaruka mifereji. Na sisi tuna mlima, tuna mifereji, tuna miguu. Usikubali kuambiwa mchezo fulani si wa kwako kabla hujaingiza mguu. Heshimu fimbo ya mzee, izunguke ukiikuta njiani. Lakini mzee akiitoa mwenyewe iwe ufito, iruke, tena iruke vizuri. Mkubwa akikosea msalimie kwanza, kisha mpinge. Ukidhulumiwa usimeze, anayemeza uchungu huwatapikia watoto wake. Na usivipigie kelele viatu. Andika, tia sahihi, ngoja muhuri.

Mungu akupe magoti yasiyochoka na mgongo usioinama kwa uonevu. Akupe pumzi ndefu kama ya mcheza kabadi. Akupe pa kuangukia palipo laini, na siku utakayoangukia pagumu, akupe kuinuka. Mvua ya Meru ikunyee kwa kheri, wewe na watakaokuja kuruka baada yako.

Na barua, kwa wanaotaka kujua niliandika nini hasa baada ya kelele zote zile, ni hii. Sijabadilisha neno.

Kwa Afisa Elimu wa Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANAFUNZI NEMBRIS KUONDOLEWA KWENYE TIMU YA KURUKA JUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi huyo wa darasa la sita. Katika uchaguzi wa timu ya wilaya aliruka juu kuliko wanafunzi wote, mbele ya walimu, kamati na wazazi. Mruko wake haukuhesabiwa kwa kuwa ufito uliotumika ulikuwa fimbo ya mzee, na yeye ni msichana. Fimbo hiyo haikuletwa na mwanafunzi. Ilitolewa na mwenyewe kwa hiari, na wavulana waliiruka bila kutozwa kondoo.

Naomba mambo matatu. Moja, mruko wake uhesabiwe, na aende wilayani. Mbili, wasichana wote warudishiwe haki ya kushiriki kila mchezo, na ndoo za maji zibebwe kwa zamu na wavulana wakiwemo. Tatu, shule inunue ufito.

Kama itaonekana fimbo imechafuka, niko tayari kurudia jaribio hadharani kwa kutumia mti wowote, na mwanangu ataruka tena. Kuhusu maneno niliyoyasema uwanjani, yale ya saa ya Mwalimu Mkuu nayaondoa. Mengine yabaki.

Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya siku ya mashindano.

Mlalamikaji: Mama Nembris, muuza viatu, soko la Ngaramtoni.

Shahidi: Mke wa mwenye fimbo. Ameivuka kila siku tangu aolewe, na yuko tayari kueleza.